Maji Mafu

Melkiori alianza kuimba walipofika kwenye chujio la tatu, na Mwavita hakuona ajabu yoyote. Mwanamume yule alikuwa anaimba kila mahali, juu ya boti, bafuni, kwenye foleni ya chakula. Wazamiaji wengine walishamlalamikia kwa msimamizi, Mzee Songoro, kwamba wimbo wa mtu ukikuingia masikioni ukiwa mita hamsini chini ya ziwa, huna pa kukimbilia. Mwavita hakuwahi kulalamika. Siku hizi aliamka akiwa na uchovu ambao usingizi haukuutoa, na sauti ya mtu mwingine ilimsaidia mkono wake uendelee kufanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kukwangua konokono. Walikuwa wadogo kama punje za mahindi, na waliganda kwa maelfu kwenye machujio ya chuma yaliyofunika midomo ya mabomba. Mabomba hayo yalinyonya maji ya Tanganyika na kuyasukuma mpaka mikoa ya kati, ambako visima vilikuwa vimekauka na watu wakikaribia kuhama. Mwanzoni midomo ile iliwekwa karibu na ufuko wa Kigoma. Jua lilivyozidi kuwa kali, maji ya juu yakageuka uji wa kijani, na Mradi, wenye mabomba hayo, ukaishusha midomo kwenye kina, kwenye giza, ambako maji yalikuwa bado safi.

"Dada Mwavita," Melkiori alisema kupitia redio ya barakoa yake. "Hivi wewe uliwahi kuota unaruka?"

"Kwangua, Melki."

"Nakwangua. Nauliza tu."

"Mimi naota nimelala."

Melkiori akacheka. Akacheka tena, na tena, kama mtu aliyesimuliwa kichekesho cha harusini. Kisha kikwangulio kikamponyoka mkononi. Mwavita alikiona kikizama kwenye mwanga wa taa yake, kikipinduka polepole, kikimezwa na giza. Melkiori naye alikuwa akikiangalia, na bado alikuwa anacheka.

Hapo mkono wa Mwavita ukasimama.

Wakati huohuo sauti ya kike ikaongea sikioni mwake, tulivu, yenye haraka kidogo. "Mwavita, oksijeni kwenye maji inashuka. Fungua chupa yako. Anza kupanda."

Wazamiaji wote waliiita sauti ile Shangazi, kwa sababu haikuchoka kuonya. Umepiga mbizi haraka mno, umekunywa maji kidogo, nenda taratibu. Kila mzamiaji alikuwa na Shangazi wake ndani ya mashavu yake. Na mashavu hayo, yaliyopewa jina la mashavu ya samaki, ndiyo yaliyowaweka hai huku chini. Lilikuwa sanduku la mgongoni, si kubwa kuliko begi la shule, ambalo ziwa lilipita ndani yake kati ya tabaka za utando mwembamba, likaacha oksijeni kama linavyowaachia samaki. Oksijeni ile iliongezwa kwenye hewa ambayo mzamiaji alikuwa anaivuta na kuitoa, akaivuta tena, huku dawa ya ndani ya sanduku ikisafisha uchafu wa pumzi. Hakuna mitungi mizito tena, na huna haja ya kupanda kila baada ya muda mfupi. Mtu aliweza kukaa chini nusu ya siku. Mashavu yalipoanza kutumika, watu walipiga vigelegele. Muda si muda Mradi ukaanza kudai hiyo nusu ya siku.

Hewa ya akiba iliyobaki ilikuwa ni ile chupa ya dharura, yenye ukubwa wa chupa ya chai, iliyoning'inia kiunoni.

Mwavita alizungusha koki ya chupa yake, akasikia hewa baridi ikiingia ndani ya barakoa. Kichwa kikamkaa sawa, na ndipo akajua kwamba kilikuwa kimeanza kumtoka.

"Melki, Shangazi wako anasemaje?"

"Anasema niko salama salimini. Leo hata yeye ana furaha."

Mwavita alimsogelea, akamshika mkono na kumulika saa yake. Kwenye saa ya Mwavita namba ya oksijeni ilikuwa ikishuka huku akiitazama. Ya Melkiori haikusogea. Ilikuwa namba ileile ya asubuhi, ile waliyoisoma pamoja wakiwa wamekaa ukingoni mwa boti kabla ya kujirusha. Kihisi chake kilikuwa kimeganda. Shangazi wake alikuwa anasoma maji ya asubuhi na kumwambia mtu anayekufa kwamba yuko salama.

Kila mzamiaji wa Tanganyika alijua kwamba mashavu hayawezi kukupa kisichokuwamo majini. Ziwa lile lina tabaka mbili. Juu kuna maji yenye uhai. Chini kuna maji ambayo hayajaonana na upepo kwa karne nyingi, yasiyo na samaki wala oksijeni, na hayo wazamiaji waliyaita maji mafu. Mpaka kati ya tabaka hizo ulikuwa mbali, chini sana ya machujio. Lakini wakati wa kiangazi upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu kuja upande wa Kigoma, na mpaka ule huku unadidimia. Upepo ukikatika ghafla, ziwa linayumba kurudi, kama maji ya beseni linalobebwa na mtu anayetembea, na maji mafu yanapanda. Mradi ulikuwa na vipimo vya kufuatilia hayo yote. Upepo ulikatika juzi. Asubuhi ile vipimo vilisema mpaka uko mbali.

Na jambo baya kuliko yote ni kwamba mtu hasikii kukabwa. Kinachomfanya binadamu atwete ni uchafu wa pumzi yake mwenyewe, na uchafu huo sanduku lilikuwa linausafisha vizuri kabisa. Kwa hiyo hewa ikiisha nguvu huoni dalili. Unajisikia vizuri tu, unacheka na kuangusha vitu.

"Fungua chupa yako, Melki."

"Ya nini?"

"Nimesema fungua."

"Dada unapenda kuamuru. Hata mke wangu Skola haamuru hivi."

Vidole vyake vilipapasa kiuno kama vya mtoto anayetafuta kifungo. Mwavita akavisukuma pembeni, akaishika koki mwenyewe na kuizungusha. Chupa ikanguruma. Mpira wa kwenye kiungo ulikuwa umepasuka, na hewa, badala ya kwenda kwenye barakoa, ilifumuka nje na kupanda juu kwa mapovu makubwa meupe. Akafunga. Akafungua tena kidogokidogo. Ikanguruma vilevile. Alipofunga mara ya pili, mshale wa kipimo chake ulikuwa umelala chini.

Basi ikabaki chupa moja.

Chupa ya Mwavita ilikuwa na mirija miwili, kama zote. Ule wa pili uliitwa mrija wa ndugu. Aliuchomoa, akautafuta mdomo wa pembeni wa barakoa ya Melkiori. Melkiori akamsukuma.

"Niache bwana. Niko sawa. Kwa nini hamnipi nafasi nikapumzika?"

"Utapumzika juu."

"Hapa pazuri."

Walivutana pale mbele ya chujio, watu wazima wawili gizani, tope la konokono likiwazunguka. Mwishowe Mwavita akampiga ngumi ya kifua, si ya nguvu, ila ya kumshtua, na alipozubaa akauchomeka mrija na kuuzungusha mpaka ukakaza. Akamshika mkanda wa bega. Akaanza kupanda naye.

"Toa pumzi," Shangazi alisema. "Usizuie pumzi. Toa, vuta kidogo, toa."

Mwavita alitoa. Alijua kwamba hewa iliyomo kifuani inapanuka kadiri unavyopanda, na mtu akiibana inampasua mapafu. Alimwimbia Melkiori maneno yaleyale: toa, vuta kidogo, toa. Melkiori alijibu mara ya kwanza na ya pili. Chupa iliyokuwa imetengenezwa kwa mtu mmoja ilikuwa sasa inanyonywa na wawili, na mshale wake uliteremka waziwazi. Mwavita akaanza kuvuta nusu pumzi. Alitazama namba ya maji kwenye saa yake akisubiri ipande, lakini haikupanda. Maji mafu yalikuwa yanakuja nao. Kila mita waliyopanda, nayo yalipanda nyuma yao.

"Dada," Melkiori alisema, "yule mtoto wa..."

Hakumalizia. Mwavita alisikia neno likikatika, na mkanda alioushika ukawa mzito kwa namna nyingine, uzito wa kitu kisichojibeba.

"Melki!"

Mshale ukaingia kwenye nyekundu. Alipiga miguu. Nyonga yake ya kulia, ile iliyoharibika mwaka juzi, ilianza kumchoma. Aliendelea kupiga miguu. Maji yakawa ya kijivu, kisha ya bluu iliyofifia. Chupa ikatoa pumzi ya mwisho, nyembamba kama ya mtu anayelia, ikanyamaza.

"Mashavu yamerudi," alisema Shangazi. "Maji haya ni mazuri. Pumua, Mwavita."

Alipumua. Saa ilimwambia wako mita kumi na nane. Taa ndogo kwenye sanduku la Melkiori nayo iligeuka kijani. Hewa nzuri ilikuwa inazunguka ndani ya barakoa yake, mbele kabisa ya midomo yake, na kifua chake hakikunyanyuka kuipokea.

"Hapumui," Shangazi alisema.

"Naona."

"Vituo vyako vinaanza hapa."

Mwili wa Mwavita ulikuwa umenyonya gesi kwa nusu ya siku, kama soda iliyofungwa. Ungepanda moja kwa moja, gesi ile ingechemka ndani ya damu na viungo. Ilibidi akae hapa, kisha juu kidogo, kisha juu kidogo tena, kila mahali kwa muda mrefu, mpaka itoke taratibu. Mwaka juzi alipanda haraka mara moja tu, na nyonga yake haikupona. Daktari wa Mradi, mtu mpole asiyependa kutisha watu, alimwonyesha picha ya mfupa na kumwambia wazi: mara nyingine itakuwa miguu yote miwili.

Na Melkiori, ingawa naye alikuwa na gesi ileile mwilini, alihitaji kufika juu sasa hivi.

"Mwavita." Sauti ya Mzee Songoro iliingia ikikwaruza. "Nawaona kwenye skrini. Mbona mmesimama? Nipe hali."

"Maji mafu yamepanda, mzee. Chupa zimekwisha. Melki hapumui."

Redioni akasikika akiwaita watu wake.

"Boti iko juu yenu," alisema Songoro. "Watu wangu wanaingia majini. Tangi la shinikizo la gatini liko wazi."

"Nipande naye?"

Songoro akarudia kwamba tangi liko wazi.

"Mzee, nipande naye au nimwachie?"

"Siwezi kukuamulia hilo, mama."

"Niamulie."

"Siwezi."

Akamwuliza Shangazi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Shangazi alijibu kama anavyojibu siku zote, bila kusitasita. Ukijaza koti lake la kuelea kwa kile kikopo chake cha gesi isiyopumulika, atapanda peke yake na ataonekana. Tatizo ni kichwa. Kichwa kikiinama, koo linaziba, na hewa inayopanuka kifuani haitapata njia. Mtu akienda naye akishikilia kidevu, nafasi ya Melkiori kupona ni nzuri zaidi. Nafasi ya mtu huyo kutembea tena ni ndogo.

"Zaidi kiasi gani?"

Shangazi akataja namba mbili. Kati yazo hapakuwa na tofauti kubwa kiasi cha kumlazimisha mtu, wala ndogo kiasi cha kumwondolea lawama.

Mwavita alimtazama Melkiori usoni kupitia kioo. Macho yalikuwa nusu wazi. Alikuwa kijana mzuri, mwenye mwanya, aliyeoa juzijuzi tu. Baadaye watu walipomuuliza alifikiri nini wakati ule, aliwaambia hakukuwa na fikra. Kulikuwa na uchovu na hofu, na hofu ilikuwa ya kawaida kabisa: aliziona ngazi za nyumba yao, na yeye akiwa chini, hawezi kuzipanda.

Alifungua mkanda wake wa zana, akaukunja mara mbili, akauingiza nyuma ya shingo ya Melkiori na kuufunga kwenye mabega ili kichwa kilale nyuma. Aliukaza. Aliujaribu. Ulikuwa unalegea upande mmoja, akaukaza tena, na kila sekunde aliyoitumia kuukaza ilikuwa ya Melkiori.

Kisha akalijaza koti la kuelea la Melkiori, na akamwachia.

Melkiori alipanda haraka kuliko Mwavita alivyotarajia. Mikono ilikuwa imetanuka pembeni. Mapovu yalimtoka kwenye barakoa, na Mwavita alishukuru kuyaona, maana yalionyesha koo liko wazi. Halafu mwili ukawa kivuli, kivuli kikagusa ule mwanga unaochezacheza juu, na vivuli vingine vikakimbilia hapo.

* * *

Kamba ya vituo ilikuwa imening'inizwa kutoka kwenye boti, na Mwavita aliikumbatia kama mlevi anavyokumbatia nguzo.

"Shangazi. Anapumua?"

"Sina ruhusa ya kukujibu hilo mpaka umalize vituo."

Alikuwa anajua hata kabla ya kuuliza. Utaratibu ule uliwekwa baada ya mzamiaji wa gati jingine kusikia habari za mumewe akiwa bado kwenye vituo vyake, akapanda bila kusubiri, na hakufika akiwa hai. Tangu hapo mashavu yote yalitengenezwa hivyo. Habari za watu wa juu zilizuiwa, nzuri na mbaya.

"Ukimya wako ndio jibu," Mwavita alisema.

"Si jibu. Ningenyamaza hivihivi hata kama habari ni njema."

"Nani aliyekufundisha ukatili huu?"

"Watu waliotaka urudi nyumbani."

Akamwita Songoro. Redio ilikwaruza. Alisikia miguu ikikimbia juu ya bati, mtu akihesabu kwa sauti, kisha sauti ya Songoro, ikihema: "Wanamshughulikia. Kaa hapo."

"Anapumua, mzee?"

"Wanamshughulikia, Mwavita. Kaa hapo ulipo." Na redio ikazimwa.

Hakuna kilichomshikilia pale. Hilo ndilo lililomtesa. Shangazi hakuwa na mikono, na kamba ilikuwa kamba tu. Angeweza kupiga miguu mara chache na kutoa kichwa nje na kujua. Kila dakika aliyokaa, alikuwa ameamua kukaa. Ni kama kumwachia hakukwisha pale alipofungua mkono. Aliendelea kumwachia, kituo baada ya kituo.

Alijaribu kumfikiria Melkiori, kama heshima. Lakini akili iliyochoka haishikiki. Ilimwonyesha kikombe cha chai ya tangawizi. Ilimwonyesha godoro. Alikuwa na kiu, shingo ilimuuma, na alitamani sana chai ile, na aliona aibu kuitamani, na aibu haikuiondoa tamaa. Kundi la samaki wadogo wa milia likapita karibu, likadonoa mapovu yake, likaondoka.

"Unaweza kusogea kituo kinachofuata," alisema Shangazi.

Akasogea. Huko nako alikaa. Alisinzia akiwa ameshika kamba, akaamshwa, akasinzia tena. Mara moja alishtuka akiwa na hakika kwamba Melkiori yuko pembeni yake na anauliza swali. Aligeuka. Maji yalikuwa matupu, ya bluu, mazuri kutazama.

"Kama ningekwenda naye," alimwambia Shangazi, "sasa hivi ningekuwa najua."

"Ndiyo."

"Hilo tu ndilo unalosema? Ndiyo?"

"Sina la kuongeza, Mwavita. Kunywa maji ukifika juu. Umekauka."

Akacheka, cheko fupi lililogeuka kilio kabla halijaisha, na kioo cha barakoa kikafuka ukungu. Akalia hivyo mpaka alipoambiwa asogee kituo cha mwisho.

* * *

Mzee Songoro mwenyewe ndiye aliyemvuta ndani ya boti. Alikuwa mtu mnene mwenye ndevu nyeupe, na alihangaika na barakoa yake bila kuifungua. Mwavita akaifungua mwenyewe.

"Yu hai?"

"Boti nyingine ilimwahisha gatini, yuko kwenye tangi. Nawe unaingia sasa hivi, umepiga miguu mno kule chini, daktari hataki kubahatisha."

"Nimekuuliza, yu hai?"

"Hai. Yu hai." Songoro akakaa kitako juu ya bati lililolowa. "Nilimvunja mbavu nikimkandamiza kifua. Nilizisikia zikivunjika."

"Alipumua lini?"

"Mapema tu. Macho ndiyo aliyachelewesha. Aliyafumbua wewe ukiwa kituo cha mwisho."

Mwavita hakuwa na nguvu ya kumpigia mtu kelele, ila maneno yalimtoka. "Mapema tu. Na mimi nimening'inia kule kama nguo kwenye kamba, wewe unaniambia wanamshughulikia. Ungepungukiwa nini kusema anapumua?"

"Ningekwambia anapumua," Songoro alisema, "halafu akakata, ningekwambiaje tena?"

Mwavita akamwomba maji ya kunywa.

Tangi la shinikizo lilikuwa kwenye gati, silinda ya chuma yenye vitanda viwili, vidirisha vinene vya mviringo, simu ya ukutani, na kijilango kidogo cha kupitishia chakula. Ndani yake hewa ilisukumwa mpaka ikafanana na ya kina, kisha ingepunguzwa polepole mpaka kesho. Mwavita alilazwa kitanda cha kulia. Miguu yake ilimwitikia, yote miwili. Alivikunja vidole na kuvikunjua chini ya shuka, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kwenye kitanda cha kushoto Melkiori alilala akitazama dari. Mkono wake wa kushoto ulikaa juu ya tumbo kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Alipomwona Mwavita alitabasamu, mwanya ukaonekana.

"Dada," alisema. Kisha akatafuta neno. Aliangalia huku na huku kama linaweza kuwa limeangukia sakafuni. "Dada... ile... tulikuwa tunakwenda wapi?"

"Nyumbani, Melki. Tulikuwa tumemaliza."

Akaridhika, akafumba macho.

Simu ya ukutani ikalia. Mwavita alipoipokea alimwona mwanamke kwenye kidirisha, amejitanda khanga juu ya gauni la kazi, vumbi la chaki kwenye mkono. Skolastika, mke wa Melkiori, alikuwa mwalimu wa chekechea. Walishaonana mara mbili tatu, siku za mishahara na siku ya harusi. Alikuwa ameutazama mkono wa mumewe kwa muda mrefu kabla ya kuipiga simu ile.

"Pole, dada," alisema Skolastika.

"Pole nawe, Skola."

"Watu wote hapa nje wanasema umemwokoa mume wangu. Wanasema umembeba mpaka juu."

Ingekuwa rahisi. Mwavita angeitikia tu, na pengine hakuna ambaye angefuatilia. Songoro alijua, na Songoro asingesema. Alikuwa amechoka mno kueleza kitu kirefu, na ukweli wa siku ile ulikuwa mrefu. Lakini aliona kwamba uongo nao ungehitaji kubebwa, na hakuwa na mkono wa kuubebea.

"Nilimbeba mpaka mita kumi na nane," alisema. "Hapo nikamwachia."

"Ukamwachia vipi?"

"Nikajaza koti lake, akapanda peke yake. Nilimfunga shingo kwa mkanda. Mimi nikabaki."

Kwenye kidirisha uso wa Skolastika haukubadilika. "Daktari anasema ubongo ulikosa hewa. Anasema kila dakika ilikuwa na kazi yake."

"Ndiyo. Na nilipoteza muda nikikaza ule mkanda."

"Ungepanda naye, huu mkono ungekuwa mzima?"

"Pengine. Shangazi alitaja namba. Hakuna anayejua."

"Na wewe ungekuwaje?"

"Miguu," Mwavita alisema. "Walishaniambia."

Skolastika akaitazama ile miguu chini ya shuka. Aliitazama bila kuficha, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akaweka paji la uso kwenye kioo, na pumzi yake ikakitia ukungu.

"Mimi ningepanda naye," alisema. "Nadhani ningepanda. Lakini nimesimama pakavu, kwa hiyo sijui ninachosema."

"Skola..."

"Usiniombe kitu sasa hivi, dada. Sijakusamehe, na wala sijakulaumu. Nikianza kufikiria lolote kati ya hayo nitaanguka hapa, na watoto wa watu nimewaacha na mlinzi wa shule." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nimepitisha chakula. Ugali na migebuka. Nimeambiwa yeye mkono haushiki, na huo wa kulia unatetemeka. Mlishe. Wewe pia ule."

Akakata simu, lakini hakuondoka pale kwenye kidirisha.

Kijilango kilitoa mlio, kikafunguka kwa ndani. Bakuli lilikuwa bado la moto. Mwavita aliteremka kitandani, akasimama, na kwa hatua zile mbili za kuvuka tangi alihisi kila mtu duniani anaitazama miguu yake ikitembea. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha Melkiori. Alimwinua kichwa, akamwekea mto nyuma, kwa uangalifu kwa ajili ya zile mbavu.

"Nani... yule pale?" Melkiori aliuliza, akionyesha dirisha kwa kidevu.

"Mtazame vizuri."

Akatazama. Ilimchukua muda, na Skolastika nje hakusogea hata kidogo, akisubiri kama mtu anayepigwa picha.

"Skola," Melkiori alisema mwishowe. "Yule Skola wangu."

"Ndiye. Fungua mdomo."

Mwavita alitoa miiba ya samaki kwa vidole, mmoja mmoja, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi na kumlisha. Melkiori alitafuna polepole, macho yakiwa dirishani. Alipomeza, Mwavita akamega jingine.